Daktari Alisema Tusubiri, Na Nyinyi Mlikuwa Mmeshachanga

Kama ulinitumia chochote Machi 2025, hii post ni yako kwanza. Wengine karibuni pia, kaeni hapo nyuma.

Mnakumbuka ile video. Nimesimama kando ya mfereji Rapsu, vitunguu vya Abba viko nyuma yangu, nalia, nasema babangu ana kansa steji ya nne na tuna wiki chache tu za kumpeleka India. Ilitazamwa kuliko kitu chochote nimewahi kuweka. Kwa siku kumi na moja ziliingia shilingi 312,400. Kuna mtu alituma shilingi kumi na ujumbe: "Ni hizi tu niko nazo, Mungu amponye mzee." Halafu nikanyamaza. Hamkuona picha ya India, hamkuona picha ya dripu, na mwezi wa Mei mtu akaandika kwenye komenti: "Huyu alikula pesa. Kansa gani ya steji ya nne inakaa miezi miwili bila dawa?"

Swali ni zuri, hata kama aliyeuliza alikuwa ananitusi. Jibu lake limenichukua karibu mwaka mzima kulielewa mimi mwenyewe.

Ilianza na mtoki chini ya taya. Abba alikuwa mfugaji kabla hajawa mkulima, na mfugaji yeyote wa Isiolo anajua ng'ombe akivimba hapo chini ya sikio ni ndigana. Kwa hivyo alikuwa anatuchekesha: "Labda mimi pia nimeumwa na kupe." Haukumuuma. Alilima, akakesha kufukuza ndovu wanaotoka upande wa mbuga, akala vizuri. Alikuwa tu mchovu kidogo, na kwetu ukisema umechoka na mwili una joto, kila duka la dawa lina jibu moja: brusela. Na si ati wanakosea kila mara, maana maziwa tunakunywa mabichi na ugonjwa huo upo. Akameza dawa za brusela. Joto likaisha, mtoki ukabaki.

Hospitali moja, sitaitaja, ikasema ni TB ya tezi. Miezi minne ya vidonge. Mtoki ukapata ndugu, mmoja kwapani. Wakamdunga sindano nyembamba, wakavuta seli kidogo, majibu yakasema hakuna seli mbaya. Tukashangilia. Mama alichinja mbuzi.

Sasa hapa nisimame kidogo, kwa sababu hii ndiyo sehemu ningependa mtu angeniambia mapema. Ile sindano nyembamba inatoa seli moja moja. Lakini limfoma, yaani kansa ya zile seli za damu zinazokaa kwenye tezi, mara nyingi haitambuliki kwa seli moja moja. Daktari anataka kuona zimejipanga vipi. Ukichota vitunguu viwili kwenye gunia huwezi kujua kama shamba lilipandwa kwa mistari au mbegu zilirushwa tu. Ndiyo maana wanataka tezi nzima itolewe, au angalau kipande kinene. Kama mtu wenu ana mtoki ambao hauondoki na sindano imesema "hakuna kitu", mwulizeni daktari kama tezi inaweza kutolewa nzima. Si ubishi, ni swali tu.

Daktari wa upasuaji huko Maua ndiye aliitoa. Sampuli ikapelekwa Nairobi kuwekwa zile rangi maalum, na baada ya wiki tano ripoti ikaja kwa WhatsApp yangu. PDF. Nilikuwa Isiolo mjini, kwa kibanda cha chipo, mkono mmoja una tomato sosi. Hakuna mtu alipiga simu kueleza. Nilisoma neno moja tu, limfoma, mengine yote yakawa ukungu.

Tukapelekwa kliniki ya kansa Meru. Wakamfanyia skani ya mwili, wakamtoboa mfupa wa nyonga kuchukua uboho, wakatupa tarehe ya kurudi baada ya wiki mbili. Lakini majibu yalikuja kabla ya hiyo tarehe, na mimi kwa ujanja wangu nikayafuata, nikayafungua. Tezi za shingo, za kwapa, za kinena. Na uboho pia una seli hizo. Mwisho wa karatasi: steji IV A.

Ile herufi A sikuiona kabisa. Niliona ile nne.

Kila mtu anajua steji ya nne ni nini, si ndiyo? Ni mazishi. Nikatuma kwa grupu ya familia. Abuya, kaka yake Mama, akaanza kuulizia hospitali za India. Kaka yangu mkubwa akapata mnunuzi wa ng'ombe sita kwa bei ya kutupa, maana nyasi zilikuwa zimeisha na mnunuzi alijua. Mimi nikachukua simu na kwenda kwa mfereji.

Sikumwuliza Abba. Nimesema. Mzee alijua kuhusu video baada ya jirani kuja kumpa pole huku ameshika simu. Abba alijiona akifa kwa skrini ya mtu mwingine, na sauti ni yangu. Hakunigombeza. Alisema tu, "Kumbe." Kwa wiki nzima akawa ananijibu "nagaa" tu, amani, kama vile unamjibu mgeni njiani.

Siku ya kliniki tuliingia watano kwa chumba cha watu wawili. Daktari alikuwa mama kijana, mpole, lakini si wa kuchezewa. Hakuanza na karatasi. Alimwambia Abba, "Mzee, unataka kujua kiasi gani?" Abba akasema, "Kila kitu. Lakini polepole, na uongee na mimi, si na huyu." Huyu ni mimi.

Akachukua ripoti ya tezi. Jina kamili ni limfoma ya folikula. Folikula ni vile vijumba vidogo ndani ya tezi ambamo seli B hukomaa, na seli za Abba zilikuwa bado zinajaribu kujenga vile vijumba, ila vingi mno na vimesongamana. Ndiyo maana ilibidi waone mpangilio. Akaonyesha CD20, CD10, BCL2, zote na alama ya kujumlisha. Mimi nilikuwa nimedhani kila alama ya kujumlisha ni habari mbaya. Kumbe ni kama chapa za ng'ombe. Zinasema hii seli ni ya boma gani. Na CD20 kuwepo ni habari nzuri, kwa sababu kuna dawa inayoitwa rituksimabu ambayo inatafuta chapa hiyo hasa, na imekuwa ikitumika tangu 1997.

Gredi 1 hadi 2. Hapo akatuuliza kama tunajua tofauti ya gredi na steji. Kimya. Gredi ni tabia, steji ni mahali. Gredi inasema hawa ni wakorofi kiasi gani, steji inasema wamefika wapi. Abba ana wapole ambao wamefika mbali. Na kwa sababu seli hizi asili yake ni kuzunguka mwilini kwa damu na limfu, kuzikuta kila mahali siku ya kwanza ni jambo la kawaida sana kwa limfoma hii. Steji ya nne ya kansa ya ini na steji ya nne ya hii ni vitu viwili ambavyo vimepewa namba moja. Aliirudia mara mbili, ya pili akinitazama mimi.

Ki-67 ilikuwa asilimia 15, yaani ni seli chache zilizokuwa kwa harakati ya kugawanyika.

Halafu ile A. Kuna A na kuna B. B ni homa isiyoeleweka, kupungua uzito zaidi ya asilimia kumi kwa miezi sita, na jasho la usiku. Akauliza, "Mzee, unatokwa na jasho usiku?" Abba akasema, "Daktari, umewahi kulala Rapsu mwezi wa Machi?" Chumba kizima kikacheka, hata Mama. Daktari akasema anamaanisha jasho la kuloweka shuka hadi uamke ubadilishe. Hapana. Basi ni A.

Akahesabu pointi. Umri juu ya 60, moja. Steji ya tatu au ya nne, moja. Damu chini ya 12, hapana, yake ilikuwa 12.8. LDH iliyopanda, hapana. Sehemu zaidi ya nne za tezi, hapana, zake tatu. Pointi mbili kati ya tano, katikati.

Halafu akasema, "Kwa sasa hatutampa dawa yoyote."

Wasee, mngeona sura ya kaka yangu. Alisimama. Akasema kile ambacho sisi sote tulikuwa tunafikiria: kwamba ni kwa sababu tunatoka Isiolo, ni kwa sababu hatuna jina, mtoto wa mkubwa angeshapewa kitanda. Mimi nilikuwa nimeshawasha rekoda ya simu mfukoni. Sijivunii, lakini ilikuwa hivyo. Kijijini ukiambiwa "rudi baada ya miezi mitatu" mara nyingi inamaanisha mashine imeharibika au dawa zimeisha, kwa hivyo msituone wajinga.

Daktari hakukasirika. Akasema hata angekuwa London angeambiwa hivi hivi. Ugonjwa huu kwa kawaida hauishi kabisa kwa dawa. Dawa inaulaza, unalala miaka, unaamka, unaulaza tena. Wengi huzeeka nao. Sasa kama hautishii figo, hausongi koo, haushushi damu, kumpa kemo leo ni kutumia risasi kwa fisi ambaye bado yuko ng'ambo ya mto.

Abba ndiye aliuliza swali la maana siku hiyo. "Nikitibiwa leo na nikitibiwa baadaye, tofauti ni siku ngapi?"

Daktari akamweleza kuhusu utafiti wa Uingereza. Baadaye niliutafuta nikausoma mwenyewe, ulitoka kwenye jarida la Lancet mwaka 2003. Walichukua watu 309 wenye limfoma za polepole zilizosambaa na zisizo na dalili. Nusu wakapewa vidonge vya kemo mara moja, nusu wakachungwa tu hadi ugonjwa usumbue. Wakawafuata kwa miaka 16 hivi. Hakuna kundi lililoishi zaidi ya lingine. Wale wa kuchungwa, nusu yao walikaa zaidi ya miaka miwili na nusu kabla ya kuhitaji kemo, na karibu mmoja kati ya watano alikuwa bado hajaihitaji baada ya miaka kumi. Ni kweli vidonge vile ni vya zamani. Ndiyo maana walijaribu tena na rituksimabu, ripoti ikatoka 2014. Waliopewa mapema walikaa muda mrefu zaidi bila kuhitaji matibabu mengine, lakini hapo pia hawakuonekana kuishi zaidi ya waliosubiri.

Abba alinyamaza, akacheza na fimbo yake. Akasema, "Mvua ikichelewa, huuzi ng'ombe wote siku ya kwanza. Unatuma vijana waangalie nyasi." Daktari akasema, "Hapo sasa, Mzee. Hatusubiri tu. Tunachunga."

Wale ng'ombe sita bado wako. Mmoja amezaa.

Najua kuna mtu anasoma hii na ana shangazi mwenye limfoma, na anataka kumwambia aache kemo. Tafadhali usinitumie mimi kama sababu. Limfoma ni ukoo mkubwa, na ndugu hawafanani. Mwaka 1958 daktari wa upasuaji aliyekuwa akifanya kazi Mulago, Kampala, Denis Burkitt, aliandika kuhusu uvimbe wa taya kwa watoto wa Afrika Mashariki, na sasa ugonjwa huo una jina lake. Huo unaweza kukua maradufu kwa siku moja au mbili. Mtoto akivimba taya hivyo, kila siku inahesabika, usichunge chochote, kimbia. Na kitu cha ajabu, ule wa mbio ndio kemo inaweza kuumaliza kabisa, kwa sababu dawa hizi zinaua vizuri seli zinazogawanyika haraka. Ule wa polepole unajificha kwa upole wake.

Tena, hata wa Abba una siku yake. Tulipewa orodha ya mambo ya kuangalia na nimeiweka kwa ukuta wa chumba: tezi moja ikifika sentimita saba, au tatu zikipita sentimita tatu kila moja, damu ikishuka, bandama ikivimba, maji kwenye mapafu, zile dalili za B. Na tezi moja ikianza kukua ghafla kuliko zingine, hiyo ni simu ya siku hiyo hiyo, maana kila mwaka wachache kati ya wagonjwa hawa ugonjwa wao hubadilika kuwa wa mbio, na hapo lazima tezi ichukuliwe sampuli upya.

Siku hiyo ikifika, kuna njia zaidi ya moja. Rituksimabu peke yake, mara moja kwa wiki kwa wiki nne, ni nyepesi zaidi. Rituksimabu na bendamustini, kila siku 28, hadi mizunguko sita. Au rituksimabu na ule mchanganyiko wa kemo za zamani, kila wiki tatu. Angekuwa na ugonjwa sehemu moja tu, mionzi ingeweza kumtosha. Alipoulizwa anapendelea nini, Abba alisema ile ya safari chache. Daktari akaandika. Nilipenda kwamba aliandika. Halafu akaagiza damu ipimwe hepataitisi B, kwa sababu rituksimabu inaweza kuamsha hepataitisi iliyolala na ikaharibu ini kabla kansa haijafanya chochote. Kama mtu wenu anaanzishwa dawa hiyo na hajapimwa, ulizeni.

Sasa pesa zenu.

Hesabu yangu ya kwanza, nitasema ukweli, ilikuwa kwamba nikiwaambia "daktari amesema tusubiri" mtadhani nimewaibia. Kwa hivyo nikasema nitangoje hadi kemo ianze, ndipo niweke picha. Yaani kuna siku nilikuwa nangoja babangu augue zaidi ili mimi nionekane mkweli. Niligundua hilo nikiwa kwa matatu na nikatamani kushuka nitembee.

Nilimwambia Abba. Akauliza, "Waliambiwa ni za nini?" Nikasema India. "Unaenda India?" Hapana. "Basi si zako."

Nikaanza kurudisha. Wale 61 ambao namba zao nilizipata na wakataka, wamepata, jumla shilingi 94,700, na gharama ya kutuma nimelipa mimi. Wengi walisema mzee abaki nazo. Zilizobaki, 217,700, ziko kwa akaunti ambayo sahihi ni za wazee watatu wa msikiti, mimi si mmoja wao. Zinatumika kwa kitu kimoja: kumchunga. Kwa sababu hapa ndipo ule ushauri wa London unakutana na barabara yetu. Kuchungwa ni rahisi ukiwa unaishi karibu na maabara. Kutoka Rapsu ni boda hadi Kinna, gari hadi Maua, lingine hadi Meru, kulala, kurudi, na mtu wa kumsindikiza. Wakati huo SHA ilikuwa inalipa matibabu ya kansa hadi laki nne kwa kaya kwa mwaka, na zikiisha, laki moja na nusu nyingine kutoka kwa mfuko wa magonjwa sugu. Haikutulipia nauli wala kitanda cha gesti Meru. Mtu akikosa safari mbili, neno "kuchunga" linageuka kuwa "kusahau", na hapo kaka yangu anakuwa alisema kweli.

Kwa mwaka huu mmoja tumeenda mara nne. Tezi ya shingo imekuwa sentimita 3.4, halafu 3.1, halafu 3.4 tena, halafu 3.3. Kumbe zinaweza kupungua zenyewe, hakuna mtu aliniambia hilo. Mama ana dua yake, kila mtu ana maelezo yake, na daktari ameandika tu namba.

Kugumu ni usiku. Abba amezoea kushika shingo akidhani hatumwoni. Mimi nilikuwa nikifika nyumbani namsalimia huku namtazama taya, hadi siku moja akanishika mkono akauweka hapo kwa mtoki. "Shika. Umemaliza? Sasa salimia." Tangu hapo nasalimia kwanza.

Jumanne tunaenda Meru tena. Damu, LDH, uzito, na kupapaswa shingo. Amesema nisibebe kamera.